Kura ya Ndugu Yake Bi Mahfoudha

Bi Mahfoudha binti Salim alikaa miaka thelathini na miwili kwenye swichibodi ya simu ya hospitali moja ya serikali hapa Maskati, na waliomjua kwa sauti walikuwa wengi kuliko waliomjua kwa sura. Kazi aliipata kwa ndimi zake tatu: Kiswahili cha kwao Unguja, Kiarabu alichojifunza ukubwani, na Kiingereza cha skuli. Alikuwa msikilizaji. Watu wawili wakigombana wakamwendea kwa zamu, kila mmoja alitoka kwake akiamini Bi Mahfoudha yuko upande wake, kumbe mwenyewe hakusema ila "ee" na "pole, mwanangu".

Alipostaafu alihamia mtaa wa Al Hail kwa binti yake Buthaina, nyumba yenye baraza ndogo na mlimau mmoja. Mumewe alikwisha kufariki. Aliyebaki naye wa tumbo moja ni ndugu yake tu, Badr, na huyo alikuwa Uingereza, mji wa Portsmouth, dereva wa basi.

Badr alikuwa zaidi ya ndugu. Mama yao alikufa Badr ana miaka minne na Mahfoudha ana tisa. Bibi yao ndiye aliyepika na kufua, lakini aliyembeba Badr ubavuni, akamfunza kuvaa viatu na kusoma alifu na bee, alikuwa Mahfoudha. Mwaka sitini na nne walipotoka Unguja kwenda Mombasa kwa mjomba wao, Badr alikuwa na miaka kumi na mmoja, na njia nzima hakuuachia mkono wa dada yake. Miaka saba baadaye aliuachia, akaenda Ulaya kutafuta maisha. Mwaka uliofuata Mahfoudha naye akaja Maskati. Tangu hapo walikuwa watu wa barua, kisha wa simu, kisha wa WhatsApp.

Basi mwaka 2016, ndani ya Ramadhani, Waingereza waliulizwa kwa kura kama wanataka kubaki kwenye Umoja wa Ulaya au kutoka. Bi Mahfoudha aliifuata khabari hiyo kwenye televisheni kama mtu afuatavyo ugomvi wa majirani wa mbali. Asubuhi moja, bado yuko juu ya msala wa kuswalia, akasikia simu inalia mfululizo. Ilikuwa kundi la ukoo, watu sitini na kitu, wa Maskati, wa Unguja, wa Dubai, mpaka wa Toronto. Kuna aliyeleta kipande cha video. Akavaa miwani, akatazama. Alikuwa Badr.

Amesimama nje ya mlango wa maktaba iliyopigiwa kura, kofia ya kazini kichwani, na mwandishi wa televisheni ya mji wao amemwekea kinasa sauti mdomoni. Anamuuliza amepigia kura upande gani. Badr akajibu kwa utulivu, kama anayemwelekeza abiria njia:

"Nimepiga kura tutoke. Mimi nilipokuja nchi hii nilingoja foleni. Karatasi zangu zilipekuliwa mpaka muhuri wa mwisho. Leo mwengine anaingia kwa kitambulisho cha mfukoni. Na wao wangoje kama nilivyongoja mimi."

Bi Mahfoudha aliirejea video mara tatu. Hakuijali sana ile kura. Alichokitazama ni uso wa ndugu yake, ambao ulikuwa na kitu alichokuwa hajakiona tangu Badr yu mtoto, alipokuwa akikataa kulia mbele za watu.

Kundi likawaka moto. Wako waliomsifu na wako waliomtukana kwa adabu, ile ya kuanza na "samahani, ami yangu". Matokeo yakatoka, waliotaka kutoka wameshinda. Siku chache baadaye ikaja video ya pili, na hiyo ndiyo iliyovunja nyumba.

Ilitoka kwenye mkutano wa hadhara, kwenye ukumbi wa mji uleule. Mwanamke mwenye mtandio wa kijani amesimama mbele ya kipaza sauti. Alikuwa Balqis, binti pekee wa Badr, mwalimu wa skuli ya watoto. Mumewe, Ayman, ni mtoto wa Kizanzibari aliyezaliwa Denmaki, na pasi yake ni ya huko. Kwa hiyo kura ile ilimwacha hajui kama ataruhusiwa kuendelea kukaa na mkewe na mtoto wao.

"Yule mzee mliyemwona kwenye televisheni ni baba yangu," Balqis alisema. "Nampenda. Alikula pilau ya harusi yangu, akamkumbatia mume wangu, akamwita mwanangu. Kisha akaenda kumpigia kura aondoke. Nataka anijibu mbele yenu, kwa sababu nyumbani hajanijibu."

Wako waliopiga makofi. Mtu mmoja nyuma alipiga kelele akamwambia arudi kwao. Balqis alikaa chini, na kabla hajafika nyumbani kwake, video ilikwishatazamwa Maskati nzima, Al Hail, Bawshar na Darsait.

Badr akajitoa kwenye kundi la ukoo. Simu ikaandika kwa maneno yake makavu kwamba Badr ametoka. Kijana mmoja wa Dubai akaandika: "Na yeye kajitoa." Watu wakacheka sana. Bi Mahfoudha hakucheka. Siku ya pili Balqis naye akatoka.

Sikukuu ya Idi iliwakuta hivyo. Badr aliswali msikiti mmoja na Ayman, safu mbili mbele yake, na swala ilipokwisha akatokea mlango mwengine. Mtoto wa Balqis, Aya, mwenye miaka sita, aliambiwa babu yake anaumwa. Huku Maskati, kila nyumba aliyoingia Bi Mahfoudha kutoa mkono wa Idi, mazungumzo yalikuwa hayo. Na kwa watu wa Unguja wenye umri wake, neno muungano halipiti hivihivi. Wakianza na Ulaya humalizia kwengine. Bibi mmoja alisema, "Wao angalau wameulizwa." Mwenziwe akamjibu, "Wameulizwa, na kuulizwa kumewapa nini ila baba na mwana kutosemezana?" Halafu wote wakageuka kumtazama Bi Mahfoudha, kusikia atasemaje. Akaomba kahawa.

Alizungumza nao kwa simu, kila mtu kivyake. Badr alimwambia, "Dada, mtoto nimemzaa mwenyewe, kaja kunishitaki mbele ya watu. Wewe unaionaje?" Balqis alimwambia, "Shangazi, mimi nililala na hofu, na baba alikuwa akijua. Wewe unaionaje?"

"Nnavyoona mimi, hamli pamoja," aliwajibu wote wawili, maneno yaleyale. "Hilo ndilo nnalolijua. Ya kura siyajui."

Wakakasirika naye kidogo, mmoja huku, mmoja kule. Miezi ikapita.

Mwisho wa mwaka daktari alimwambia Bi Mahfoudha kwamba goti lake la kulia halina dawa tena ila upasuaji. Tarehe ikawekwa Januari. Badr aliposikia, akasema anakuja kumuuguza. Siku ileile Balqis naye akasema anakuja na Aya, Ayman atabaki kazini.

Buthaina akamshauri mama yake. "Usimwambie mmoja kuwa mwenzake anakuja. Waache wakutane hapa hapa, watafanya nini?"

"Mimi sitegi watu kama ndege," alisema Bi Mahfoudha. Akachukua simu, akampigia Badr. "Balqis anakuja. Nakwambia mapema ili usije ukasema nimekuchezea. Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, nitakuombea dua tu, sitonuna." Kisha akampigia Balqis, akamwambia vilevile. Pande zote mbili wakasema watakuja.

Badr alifika Jumanne, Balqis Alkhamisi. Balqis alipoingia, alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, akambusu mkono huku anatazama zulia. Badr akasema, "Karibu, umefika salama?" Balqis akasema, "Alhamdulillahi." Yakaishia hapo.

Siku zilizofuata waliishi nyumba moja kama wapangaji. Badr alikaa majlisi, chumba cha wageni, Balqis jikoni. Bi Mahfoudha alikwisha kurudi kutoka hospitali, na kila asubuhi ilimbidi atembee ukumbini na fremu ya kujishikilia, hatua ishirini kwenda na ishirini kurudi. Badr alitembea nyuma yake, mikono miwili tayari kumdaka, akimwambia, "Pole pole, Dada. Weka kisigino kwanza." Siku moja Bi Mahfoudha alijikwaa kidogo, Badr akamshika ubavuni, na Balqis, aliyekuwa akipita na sinia, akaiweka chini akamshika upande wa pili. Wakamkalisha kitini, wote wawili wamepiga magoti mbele yake, mikono yao iko juu ya mikono yake. Bi Mahfoudha alitamani wabaki hivyo. Balqis akainuka kwanza, akaokota sinia.

Ijumaa baada ya swala watu walikuja kumtazama mgonjwa. Majira yalikuwa mazuri, madirisha wazi, na hapakuwa na haja ya kuwasha kiyoyozi. Wanaume walikaa majlisi, wanawake chumba cha pili, mlango wa katikati umeachwa wazi. Bi Mahfoudha kwa ajili ya goti lake aliwekewa kiti karibu na mlango, akawa anaona pande zote mbili.

Alikuwapo binamu yao Ghassan, anayekaa Bawshar, mtu mzima aliyestaafu wizarani, mwenye sauti isiyojua kupungua. Alikunywa kahawa yake, akala halwa, kisha akamgeukia Badr.

"Bwana Badr, mimi ile kura yako nnaiunga mkono. Mtu na nchi yake. Lakini lililonikera ni yule msichana. Kumwaibisha baba yake mbele ya wazungu! Angekuwa wangu, asingetia mguu nyumbani."

Chumba cha wanawake walisikia kila neno. Balqis alikuwa ameshika birika la kahawa; Bi Mahfoudha aliona vidole vyake vimebana mkono wa birika mpaka vimekuwa vyeupe. Aliogopa kumtazama Badr, lakini akamtazama.

Badr aliweka kikombe chake chini taratibu.

"Ghassan," alisema, "mimi nilisimama barabarani nikasema nilichokiamini, na jina langu likaandikwa chini ya picha. Mwanangu naye kasimama kasema anachokiamini, na jina lake kalitaja. Kama mimi sikukosa adabu, yeye kakosa wapi?"

"Lakini wewe ni baba yake."

"Ndiyo maana. Alianza kwa kusema ananipenda. Wewe hilo hukulisikia? Mimi nimelisikia. Nimeitazama video ile mara nyingi kuliko nyote." Akakisogeza kikombe. "Kuna mtu alimpigia kelele arudi kwao. Mtoto kazaliwa mji ule. Hilo lilinichoma kuliko yote aliyoyasema yeye. Kwa hivyo nakuomba, ndugu yangu, humu usimseme mwanangu."

Ghassan alijikohoza, akasema hakukusudia ubaya, na mtu akaleta mazungumzo ya bei za viwanja. Balqis aliingia majlisi na birika, akawamiminia wageni wote kwa zamu. Alipofika kwa baba yake alimimina mpaka kahawa ikamwagika kwenye kisahani. Badr akainywa hivyohivyo.

Wageni walipoondoka, Buthaina alimchukua Aya dukani. Wakabaki watatu. Balqis alikaa zuliani karibu na kiti cha shangazi yake.

"Kwa nini, Baba?" aliuliza, kwa sauti ya chini. "Siulizi kwa ugomvi. Wewe si mtu wa chuki. Abiria wako wa Kipolandi walikuwa wakikuletea keki. Kwa nini?"

Badr alimtazama dada yake, si binti yake.

"Mama yako alipofariki, mwaka tisini na nane," alisema, "nilimtaka dada yangu. Sikutaka mtu mwengine. Nilikuwa na mtoto wa miaka kumi na mitano ndani ya nyumba na sijui hata kumfunga nywele. Nikamwombea viza. Zikatakiwa karatasi, nikapeleka. Zikatakiwa nyengine, nikapeleka. Viza ikatoka wiki sita baada ya maziko. Na wiki ileile tuliyomzika Zakiya, rafiki yangu wa kazini, Mtaliana, alimzika baba yake, na ndugu zake wote walikuja asubuhi yake, na vitambulisho tu. Nilikwenda kumpa pole. Nikawaona wamekaa pamoja, kina dada wanapika." Kisha akamgeukia Balqis. "Niliposhika ile kalamu kwenye chumba cha kura, nakwambia kweli, sikumwona Ayman. Sikumwona mtu yeyote. Nilimwona Dada hayupo."

Bi Mahfoudha alikuwa akiijua ile viza. Alikuwa akiikumbuka ilivyomfika, na yeye amekwisha kumaliza kulia, na likizo aliyopewa kazini imekwisha. Lakini hakuwa akijua kwamba Badr ameibeba miaka kumi na minane, mpaka kwenye sanduku la kura. Alitaka kumkumbatia, na papo hapo alihisi kama mtu aliyeshitakiwa kwa kosa lililofanywa kwa jina lake.

"Badr," alisema, "mimi sikukutuma hilo."

"Najua."

"Kama nilinyimwa mie kuja kumzika mkeo, ndiyo na mtoto huyu anyimwe mumewe? Ungeniuliza, ningekwambia. Usinifanye mimi sababu, ndugu yangu. Siwezi kulala na hilo."

Badr aliinamisha kichwa. Aliyelia alikuwa Balqis, na hawakuelewa kwanza analia nini.

"Mimi sikujua," alisema. "Nilikuuliza, Baba, shangazi atakuja lini, ukanambia hawezi. Hukusema kwa nini. Kila gari ikisimama nje nilikuwa nachungulia dirishani. Siku nyingi. Halafu nikajisemea, hakutaka. Ana kazi yake, ana watoto wake. Nimekaa nalo hilo miaka yote hii, Shangazi. Kila ukinipigia simu ukaniita mwanangu, moyoni nasema, mbona siku ile hukuja?"

Katika miaka yake yote ya kusikiliza sauti za watu, Bi Mahfoudha hakuwahi kulisikia hilo kwenye sauti ya mtoto huyu, naye alidhani anamjua. Alimvuta kichwa akakilaza kwenye paja la mguu wake mzima, akamfungua mtandio, akaanza kumpapasa nywele, ambazo zilikuwa tayari na mvi mbili tatu.

"Niliona haya," Badr alisema. "Niliona haya kumwambia mtoto kwamba nimeshindwa kumleta dada yangu. Nikanyamaza. Kosa langu hilo ni kubwa kuliko la kura."

"La kura nalo ni lako," Balqis alisema, bado kichwa kiko pale.

"Nalo ni langu," Badr alikubali. Halafu, kwa kuwa alikuwa Badr, akaongeza, "Ingawa foleni ni foleni."

Balqis akacheka ndani ya machozi, kicheko cha hasira kidogo. Jioni ile, kabla ya magharibi, Badr alikwenda barazani na simu. Bi Mahfoudha alimsikia kupitia dirishani: "Ayman, mwanangu, asalaam aleikum. Ni mimi, baba yako. Hapana, hakuna aliyeumia. Nataka kukuomba radhi, na nataka unisikilize mpaka mwisho, maana nikikatizwa sitoweza kuanza tena."

Juu ya kura hawakuafikiana, na hadi leo hawajaafikiana. Lakini Ayman alipotakiwa kuthibitisha miaka aliyokaa Uingereza ili apewe ruhusa ya kubaki, aliyekaa naye mezani wiki mbili akipanga barua za zamani, mikataba ya nyumba na risiti za umeme alikuwa Badr. Alijua namna ya kuzipanga karatasi ili zisirudishwe. Ruhusa ilitoka. Siku hiyo Badr alimpigia dada yake kabla Balqis hajawahi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, goti limekwisha kupona, Bi Mahfoudha mwenyewe alikwenda Portsmouth. Balqis alimpeleka kwenye kaburi la Zakiya. Alimsomea Yasin, akapalilia majani kwa mkono, na waliporudi nyumbani akamfunga Balqis nywele mikia miwili, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mwalimu wa watu, amekaa chini.

Siku hizi wanakuja Al Hail kila Januari, wote: Badr, Balqis, Ayman na Aya ambaye sasa ni mrefu kuliko shangazi wa mama yake. Asubuhi wanakaa mezani na mandazi na maharage ya nazi, Badr anasoma khabari za Uingereza kwa sauti, Balqis anampinga kabla hajamaliza sentensi, Ayman anajaribu kuwapatanisha na wote wawili wanamwambia anyamaze. Kuna siku Badr husema angepiga kura ileile. Kuna siku husema hajui. Bi Mahfoudha huwasikiliza, huku akimsogezea ndugu yake sahani, kwa sababu akibishana husahau kula.